Mpiga Ngoma Aliyetazama Miguu

Gazeti moja la Belgrade liliwahi kuandika kwamba bendi yetu ilizuka ghafla. Nililihifadhi gazeti lile kwa siku mbili, kisha nikafungia samaki. Ghafla ipi? Miaka tisa tulibeba maspika kwa mikono yetu wenyewe, tukalala kwenye kombi lisilo na joto, tukapiga mbele ya watu kumi na mmoja ambao wanne wao walikuwa wahudumu. Mwandishi yule alikuta meza imeshaandaliwa, akadhani chakula kimejipika.

Vijana wa siku hizi wakiniuliza bendi ya roki inapandaje mpaka ikafikia ile albamu ambayo kila nyumba inayo, wanategemea niwasimulie habari za Feri aliyetunga nyimbo, au za Nevena aliyeziimba. Hao wamesimuliwa vya kutosha, na Nevena anajisimulia mwenyewe vizuri sana. Mimi nawasimulia habari za Tima Bugarski, mpiga ngoma wetu. Nilipiga besi pembeni yake miaka kumi na saba, na nampenda kama ndugu wa tumbo moja, ingawa nilimkosea vibaya. Nitalifikia hilo.

Tima alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vigae hapa Kikinda. Kazi yake ilikuwa kupanga vigae vibichi kwenye rafu za kukaushia, kimoja kimoja, bila kuacha alama ya kidole. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye masharubu mazito na maneno machache. Alituzidi sote miaka minane. Mwaka 1974, tulipoanzisha bendi na kuiita Crep, yaani kigae, tulimchukua kwa sababu moja tu: ndiye peke yake mjini aliyekuwa na ngoma kamili, pamoja na matoazi. Sisi tulikuwa ndio kwanza tumemaliza shule, nywele mabegani, tunajiona wafalme. Yeye alikuja mazoezini na ovaroli, na mkate wa mafuta ya nguruwe ameufunga kwenye karatasi.

Ngoma zile zilikuwa za harusi. Baba yake alipiga harusi za vijiji vyote kutoka hapa mpaka Mokrin, na Tima alianza kumpokea vijiti akiwa na miaka kumi na miwili. Na harusi za kwetu zina sheria zake. Watu wakishikana mikono kwenye duara la kolo, huanza polepole, ili hata bibi wa miaka themanini apate hatua zake mbili tatu. Mpiga ngoma anatazama miguu. Miguu ikipata moto, anaongeza kidogo. Ikizoea, anaongeza tena, mpaka mashati yanalowa, bwana harusi anatweta, na lazima mtu mmoja apoteze kiatu. Mpiga ngoma asiyejua kuongeza haitwi mara ya pili.

Tabia hiyo ndiyo aliyotuletea kwenye roki. Wimbo wetu ulianza kama mtu anayekwenda sokoni, ukamalizika kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nevena alilalamika kwamba ubeti wa mwisho anauimba bila kuvuta pumzi.

"Kaka Tima," alimwambia siku moja, "mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Mimi sikimbii," alisema Tima. "Wao ndio wanaokimbia. Mimi nawafuata."

"Wao kina nani? Humu ndani tuko wanne."

Tima alionyesha kwa kijiti mguu wa Feri. Feri akipiga gitaa hugonga sakafu kwa kisigino, na Tima alikuwa akikifuata kisigino kile. Kumbe Feri naye alikuwa akimfuata Tima. Walikuwa wakisukumana wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kwenda mbio. Tulicheka sana, kisha tukaendelea vilevile, maana hatukuwa na mpiga ngoma mwingine.

Tulipanda hivi. Miaka mitatu ya kwanza tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa zimamoto, kwa sharti kwamba king'ora kikilia tutoke mbio tuwapishe na mabomba yao. Halafu dansi za shule, halafu Zrenjanin, halafu mashindano ya magitaa kule Zaječar, ambako tulishika nafasi ya saba, na mwaka uliofuata ya tatu. Tukawa tunawafungulia jukwaa wakubwa, ambao siwataji, maana walitunyima hata msumari wa kutundikia koti. Kila mji ulitufunza jambo. Subotica walitufunza kwamba wimbo wa Feri wa dakika tisa unatosha kabisa kwa dakika nne. Osijek walitufunza tusipange nyimbo mbili za huzuni mfululizo, maana watu walikwenda kununua bia na hawakurudi. Nyimbo zilizochekwa tulizitupa, au Feri alizivunja na kujengea nyingine. Haba na haba, tukawa bendi.

Mwaka 1979 kampuni moja ya santuri ya Belgrade ikatuita kurekodi albamu ya kwanza. Mama yangu alilia. Tima aliomba likizo kiwandani, akanyoa, akavaa suti aliyofungia ndoa.

Fundi mitambo pale studio aliitwa Ndugu Stanoje. Alivaa koti jeupe kama daktari wa meno, na kahawa alikunywa bila kukoma. Alituweka kila mtu kwenye kibanda chake, Tima akamfungia nyuma ya kioo, peke yake na hedifoni masikioni, mbele ya ukuta wenye vitambaa vya kunyonya sauti. Tulipiga siku mbili. Siku ya pili, wenzangu walipokwenda kula, Stanoje akanivuta koridoni.

"Wewe ndiye besi," alisema.

"Ndiyo, Ndugu."

"Basi wewe ndiye mke wa mpiga ngoma. Mke hujua ya chumbani. Yule bwana ana saa kichwani, au hana?"

"Anayo. Ila inakwenda mbele."

"Haraka haraka haina baraka, kijana. Ninaye mtu wa okestra ya redio, anapiga sawasawa kama cherehani. Nikimwita kesho, tunamaliza kazi. Nisipomwita, nawaambia wakubwa kwamba bendi yenu haijaiva, mrudi kwenye vigae vyenu. Chagua."

Sikuomba hata dakika ya kufikiri. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kurudi Kikinda mikono mitupu nilikuogopa kuliko dhambi. Nikamwambia amwite. Na sikuishia hapo. Nikamwambia: "Tima mwambie utepe wa ngoma umeharibika na muda umekwisha. Hatauliza." Uongo ule niliutunga mimi, mwenyewe, palepale koridoni, bila kuombwa. Mpaka leo nikiukumbuka masikio yananiwaka.

Tima kweli hakuuliza. Albamu ikatoka, jina lake limeandikwa kwenye jalada, picha yake ipo, na ngoma zilizomo si zake hata pigo moja. Kiwandani walimfanyia sherehe. Meneja alitoa hotuba. Watu walipanga foleni awatilie sahihi, naye akatia, kichwa ameinamisha, shingo nyekundu. Nevena na Feri waliamini hadithi ya utepe. Mimi nilivaa miwani ya mbao.

Lakini mama yake Tima hakuwa mtu wa kudanganywa kwa jambo la ngoma. Aliishi miaka arobaini na mume mpiga ngoma. Nilikuwepo siku walipoiweka ile santuri, nimekaa mezani kwake nakula pai yake ya maboga. Bibi yule alisikiliza upande mzima, mikono mapajani, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu," alisema, "siku hiyo ulikuwa unaumwa?"

"Kidogo, mama," alisema Tima.

Tulipotoka nje, Tima alisimama kwenye geti, akawasha sigara, akaniambia kitu ambacho sijapata kukisahau. "Mileta, mimi sitaki umaarufu. Nataka santuri moja tu ambayo kweli ni mimi. Moja. Baadaye nifanyeni mtakavyo." Nikamwambia ataipata. Ningemwambia nini kingine?

Albamu ile ilinunuliwa na ndugu, majirani, na shule moja ya Subotica iliyoagiza kwa makosa. Haikutuua, haikutufufua. Ilitupa mialiko zaidi, basi, na tukaendelea kusafiri.

Kwa ajili ya albamu ya pili, Tima aliamua kujitibu. Alimwendea mwalimu wa muziki wa shule ya mjini, akaazima kile kidude cha mbao chenye mshale unaopiga tik-tak. Alikipeleka kiwandani, akakiweka juu ya rafu, akawa anapanga vigae kwa mapigo yake. Wenzake nao wakajikuta wanapanga kwa mapigo yaleyale. Msimamizi alifurahi, akauliza kama kuna kingine kama hicho kwa ajili ya watu wa tanuri. Nyumbani alikiweka mezani. Mkewe, Persida, ambaye alifanya kazi kiwanda hichohicho, sehemu ya kukagua vigae vyenye ufa, alivumilia miezi minne.

"Anatafuna kwa tik-tak," aliniambia nilipokwenda kwao kuazima pampu ya baiskeli. "Supu anaikoroga kwa tik-tak. Mimi niliolewa na mpiga ngoma au na saa ya stesheni, hata sijui tena."

"Vumilia, dada. Ni kwa ajili ya albamu."

"Navumilia. Lakini nakwambia, mmemharibu mtu aliyekuwa mzima."

Mwaka 1981 tukarudi kwa Stanoje. Tima alipiga sawasawa, hakusogea mbele wala nyuma. Ndugu Stanoje alikuna kidevu, akakubali kumbakiza kwenye nyimbo mbili za polepole, na nane zilizobaki akamwita tena yule wa redio. Safari hii hapakuwa na hadithi ya utepe. Alimwambia usoni, na Tima akasema sawa. Albamu iliuzwa zaidi kidogo kuliko ya kwanza, na wimbo mmoja ukapigwa redioni siku za Jumapili. Nilimpongeza Tima kwa zile mbili.

"Zile si mimi," alisema. "Ile ni saa ya mwalimu."

Wakati huohuo, jukwaani, mambo yalikuwa mengine kabisa. Jukwaani Tima alikiacha kidude nyumbani, akawa na miguu mia tano ya kuitazama, na watu walikuwa wanatoka kwenye kumbi zetu wamelowa kama wametoka mtoni. Tukaanza kusikia maneno. Subotica alinijia msichana mmoja mwenye jaketi la ngozi, akanirudishia santuri yetu ya pili mkononi.

"Chukua," alisema. "Humu ndani mmejificha wapi? Nimewatafuta upande wa kwanza na wa pili, siwaoni."

Nilicheka kwa uso mkavu, lakini nilimwelewa. Miaka saba tulikuwa tunajifunza kupiga mbele ya watu, na kila tulipofika studio tulikiacha tulichojifunza mlangoni, pamoja na makoti.

Mwishoni mwa mwaka 1982 ikaja barua: albamu ya tatu, siku tano za studio, na kama haitatembea, mkataba basi. Feri alikuwa na nyimbo nzuri kuliko zote alizowahi kutunga, na tulikuwa tumeshazipiga jukwaani mwaka mzima, tunazijua kama njia ya kwenda nyumbani. Kabla hatujaondoka, Tima akatukusanya ukumbi wa zimamoto. Hakuwa na kawaida ya kuitisha vikao.

"Safari hii," alisema, "kama si mimi, msiandike jina langu. Na nikirudi sitapiga tena na ninyi. Sina hasira na mtu. Ila nina miaka thelathini na mitano, na siwezi kutia sahihi ngoma za mtu mwingine mara ya tatu."

Nevena alisema kama Tima hayumo, na sauti yake waitoe. Feri akasema hivyohivyo kwa Kihungaria, maana akikasirika husahau Kiserbia. Wakanigeukia mimi. Nilisema ndiyo, bila shaka, na nilisikia sauti yangu ilivyokuwa nyembamba.

Siku ya kwanza studio ilikuwa balaa. Kioo kilekile, hedifoni zilezile. Tima alianza na tik-tak, ikatoka mfu. Akaiacha tik-tak, akaanza kuyumba, mara mbele, mara nyuma, kama mtu anayetembea kizani chumba asichokijua. Jioni Stanoje akaniita koridoni, palepale pa miaka minne iliyopita.

"Kesho saa mbili namwita wa redio," alisema. "Unajua mwenyewe."

"Nipe siku moja, Ndugu," nilisema. "Kesho yote. Ikishindikana, mwite, na mimi ndiye nitakayemwambia Tima. Safari hii kwa kweli."

"Siku moja katika tano? Una wazimu."

"Ninao."

Akanipa. Sikuwa na mpango wowote. Niliingia kwenye kibanda cha simu, nikampigia Persida, nikamweleza yote isipokuwa lile langu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mmemfungia wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya kioo."

"Anatazama nini?"

"Ukuta."

"Mileta, umepiga naye miaka tisa na hujui kitu. Huyu mtu hawezi kupiga bila miguu. Hata sokoni, kuku wakitembea, anawapigia meza. Subirini hapo."

Asubuhi ya saa tatu likasimama mbele ya studio gari la kubebea vigae. Wakashuka wanawake watano: Persida, na wenzake wanne wa sehemu ya ukaguzi, wakiongozwa na shangazi Smilja, mama wa miaka sitini ambaye hakuna harusi ya Mokrin iliyoanza kabla hajafika. Walikuwa wamepaka wanja, wamevaa sketi za sikukuu, na wamebeba keki ya mbegu za popi sinia zima. Ndugu Stanoje alisimama mlangoni akiwa na kikombe chake.

"Hii ni studio," alisema. "Hapa hapana harusi."

"Ndiyo maana mnarekodi misiba," alisema shangazi Smilja, akampita.

Tulimtoa Tima nyuma ya kioo, tukamweka kwenye chumba kikubwa, na wale wanawake mbele yake. Ikabaki shida ya kelele. Stanoje alisema kiatu kimoja kikigonga sakafu, utepe umekwenda na maji. Shangazi Smilja akavua viatu. Ndani alivaa soksi nzito za sufu, zile za kusuka mwenyewe, na wenzake vilevile, maana sisi watu wa nyanda hizi hatuwaamini wenye majengo kwa habari ya joto. Soksi kwenye sakafu ya mbao hazina sauti kabisa. Ikabaki midomo. Wanawake watano wa Kikinda wacheze kolo bila kupiga kelele hata moja, jambo hilo halijapata kutokea. Persida akamgawia kila mmoja pipi ngumu, ailaze ulimini, na atakayefungua mdomo arudi nyumbani kwa miguu.

Jaribio la kwanza lilitutia aibu. Walishikana mikono, Tima akaanza, na wimbo ukazidi kupungua, ukapungua, mpaka ukasimama kabisa katikati ya ubeti. Tima alikuwa akisubiri miguu yao, na wao, kwa heshima ya studio, walikuwa wakisubiri ngoma yake. Walitazamana kama watu wanaopishana mlangoni. Stanoje alikuwa ameshashika simu.

Persida akaitoa pipi mdomoni. "Tima," alisema, "mimi leo si mkeo. Mimi ni mama wa bibi harusi, nimekula, nimekunywa, na miguu inaniwasha. Usiponifuata namwita mpiga ngoma wa Mokrin."

"Wa Mokrin ni kiziwi," alisema Tima.

"Afadhali yeye, haogopi mtu mwenye koti jeupe."

Akairudisha pipi, akawashika wenzake mikono, na wakaanza wao. Walianza taratibu, soksi zikiteleza, sketi zikipepea, hakuna sauti yoyote isipokuwa kijimlio cha pipi kugonga meno. Tima alitazama chini. Nilimwona mabega yakimshuka. Akaingia nyuma yao kwa ngoma kubwa, polepole, kwa uvumilivu, na mimi nikaingia na besi, na nikaapa moyoni sitamwacha. Walipopata moto akaongeza. Wakazoea, akaongeza tena. Nevena aliimba kwenye kibanda chake amefumba macho, na ubeti wa mwisho alipumua pale alipoweza, na pumzi yake inasikika kwenye santuri mpaka leo. Shangazi Smilja alitoka jasho mpaka wanja ukafika kidevuni. Wimbo ulipokwisha hakuna aliyesogea, kwa sababu utepe ulikuwa bado unazunguka.

Stanoje aliusikiliza mara mbili. Kisha akanigeukia.

"Wimbo unaongeza kasi," alisema.

"Unaongeza."

"Kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Ndiyo, Ndugu."

"Jina langu liandikeni kwa herufi ndogo," alisema, akakata kipande cha keki. Baada ya miezi mitatu aliwaambia waandishi wa habari kwamba mbinu ile aliifikiria yeye tangu zamani. Lakini siku hiyo hakumwita mtu wa redio, wala kesho yake. Wanawake walilala kwa binamu yake Persida, wakarudi kila asubuhi siku zote zilizobaki, na kiwandani walisema wana mafua.

Albamu ikatoka Machi 1983. Wiki mbili kimya. Wiki ya tatu dukani Zrenjanin ziliisha. Mwezi wa tano rafiki yangu aliniandikia kutoka Skopje kwamba watoto wanaimba wimbo wetu wa nne wakiruka kamba, na kila wakifika kibwagizo wanaongeza kasi mpaka wanaanguka. Chema chajiuza, walisema wahenga, lakini sisi tulikitembeza miaka tisa kabla hakijajiuza. Simu haikunyamaza. Kumbi tulizokuwa tunaota zikawa zinatuita zenyewe.

Katikati ya furaha hiyo Persida akanisimamisha mbele ya posta.

"Hajaifungua," alisema.

"Hajafungua nini?"

"Santuri. Iko juu ya kabati, kwenye karatasi yake. Redio ikianza kupiga wimbo wenu anazima. Nikimuuliza anasema baadaye. Mileta, anaogopa. Anadhani mmembadilisha tena nyuma ya mgongo wake."

Mjini kote watu walikuwa wakimsikia isipokuwa yeye, na aliyemfundisha kuogopa alikuwa mimi. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kiwandani, ilikuwa saa nne, mapumziko ya chakula, na kantini imejaa. Tima alikuwa meza ya dirishani, anakata kitunguu juu ya mkate. Nikaketi mbele yake, bado nina koti.

"Ni wewe," nilimwambia. "Humo ndani ni wewe, kila pigo. Hakuna aliyegusa. Nilikuwepo mpaka walipofunga utepe."

"Vizuri," alisema, na akaendelea kukata.

"Na mwaka wa sabini na tisa utepe haukuharibika."

"Najua."

"Hujui. Uongo ule niliutunga mimi. Stanoje hakuniomba."

"Nilirudi kuchukua kofia," alisema Tima. "Mlikuwa mnazungumza koridoni. Mlango ulikuwa wazi."

Miaka minne tulikuwa tumekaa kiti kimoja kwenye kombi. Miaka minne alikuwa akinigawia mkate wake. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, na kwa nini hakutuacha siku ileile.

"Ningekwenda wapi?" alisema. "Ninyi ndio bendi yangu. Na ulikuwa mtoto, uliogopa. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe, basi."

Nikaanza kulia mbele ya watu wa zamu nzima, na nikaanza kujieleza, nilivyoogopa, nilivyotaka kusema, siku gani na siku gani. Hapo ndipo redio ya ukutani ikaanza wimbo wetu wa nne. Tima alinyanyuka nusu, mkono umeelekea kwenye kitufe cha kuzimia, kisha mkono ukabaki hewani. Mimi bado nilikuwa nazungumza.

"Mileta," alisema. "Nyamaza kidogo, ndugu yangu. Nataka kujisikia."

Nikanyamaza. Kantini nzima ikanyamaza. Alisikiliza amesimama, kisu mkononi, mpaka pigo la mwisho, na machozi yalimtiririka kwenye masharubu naye hakuyafuta. Kengele ya kazi ilikuwa imeshalia, hakuna aliyeijali.

"Ni mimi," alisema.

Akakunja karatasi ya mkate wake, akaitia mfukoni, akarudi kwenye rafu zake.